Vijiti vya Bwawa la Tanokuchi

Takemi alipomaliza kujumlisha kwa mara ya tatu, namba ilikuwa ileile: hamsini na nne. Yaani katika kila ndoo mia zilizotoka kwenye bwawa la Tanokuchi, ni hamsini na nne tu zilizofika kwenye majaruba ya mpunga. Zilizobaki zilinywewa na udongo wa mfereji, au zilichukuliwa na jua, au zilipotelea pasipojulikana. Na kamati ya ukame ilikuwa imeshatangaza kwamba maji ya mwisho ya msimu yatafunguliwa kutoka mfereji mkuu tarehe ishirini na mbili Agosti, na yatakwenda kwa zile skimu za umwagiliaji tu zinazofikisha sitini kwa mia. Chini ya hapo, hakuna. Kuipa maji skimu inayovuja, walisema, ni kuwanyima wengine.

Tanokuchi ilikuwa na kaya arobaini na moja. Mpunga wao ulikuwa unachanua, wakati ule hasa ambao ukikosa maji mashuke hutoka matupu, na bwawa lilikuwa limebaki maji ya magotini. Takemi alilijua hilo vizuri kwa sababu ndiye aliyeingia kupima kina, akatoka na matope mpaka mapajani.

Akampelekea karatasi Kawada, mkuu wa kitengo, mtu mwema aliyechoka mapema maishani, ambaye kuanzia Juni hadi Septemba hakuitoa taulo shingoni.

"Hamsini na nne," Kawada akasema. "Masikini. Basi jaza fomu tupeleke."

"Bosi, siyo hamsini na nne kamili. Ni kati ya arobaini na saba na sitini na moja."

"Kisanduku kwenye fomu ni kimoja."

"Nimekiona."

"Basi namba ni moja. Au unataka tuiambie kamati kwamba huenda maji yanafika, huenda hayafiki, mtajua wenyewe?"

"Ndivyo ilivyo."

"Wewe dada, wangekuweka utabiri wa hali ya hewa ungetamba sana. Nenda kapumzike, kesho ni Bon, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu. Ukirudi unijazie hicho kisanduku."

Wenzake ofisini walimwita Bi. Huenda. Hakulipenda jina hilo, ila alilistahili. Sogo Takemi alikuwa mtu wa kupima, na mtu wa kupima akiwa mkweli hujua kwamba kila namba ina upana wake, hata kama wakubwa wanaipenda ikiwa nyembamba. Mwendo wa maji hakuutilia shaka. Aliupima mwenyewe kwa kile kipimio chake chenye pangaboi dogo, mlangoni mwa bwawa na kwenye vinywa vya majaruba. Kilichomsumbua ni muda.

Tanokuchi wakati wa ukame hawagawi maji kwa saa. Wanagawa kwa vijiti vya ubani. Kila jaruba lina kijiti chake kimoja kwa zamu. Mgawa maji anakiwasha kibandani juu ya tuta, kikiteketea anapiga ngoma, huyu anafunga mlango wake na yule anafungua. Takemi hakuweza kukaa na saa kwenye majaruba arobaini na moja, maana alikuwa na skimu nyingine tano za kupima. Basi aliomba kijiti kimoja, akaenda nacho ofisini, akakiwasha mezani pake. Dakika ishirini na nne. Akaichukua hiyo, akazidisha, akapata hamsini na nne yake.

Siku ya Bon aliamkia kwa mama yake. Maji ya bomba yalikuwa yakitoka kwa muda wa saa tano tu kwa siku, na mama alikuwa jikoni akichemsha udon, tambi nene za ngano, huku akiwalaani watu wa maji, binti yake akiwa mmojawapo. Takemi alifunga milango ya kile chumba chenye madhabahu ya marehemu baba ili mshumaa usizimike, akawasha kijiti, akafumba viganja. Ubani ulikuwa wa duka lile lile la chini ya hekalu ambako Tanokuchi nao hununua. Bonde zima hununua pale.

"Udon dakika kumi na mbili!" mama akapaza sauti. "Nikikuita uje, siyo mpaka nije kukuburuta!"

Saa ya jikoni ikalia. Takemi akainua macho. Dakika kumi na mbili, na kijiti kilikuwa hakijafika hata nusu. Akatazama tena. Akavua saa ya mkononi, akaiweka mbele ya picha ya baba yake, akakaa.

"Takemi!"

"Nakuja, mama."

Hakwenda. Kijiti kilizimika dakika ya ishirini na tisa. Alipofika mezani udon zilikuwa zimevimba na kulegea, na mama yake alikuwa amenuna. Takemi alizila zote bila kujua anakula nini. Alikuwa anaiwaza meza yake ya ofisini, na ile feni juu ya kabati inayowapulizia usoni kutwa nzima. Alikipima kijiti mbele ya feni! Upepo uliharakisha moto, kijiti kikawa kifupi, na kwa ajili ya feni, kaya arobaini na moja zilikuwa karibu kunyimwa maji. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Siku mbili," Kawada akamwambia alipokwenda kuomba apime upya. "Tarehe kumi na tisa nataka namba na mihuri ya wanachama. Na hiyo feni usithubutu kuizima."

Mgawa maji wa Tanokuchi alikuwa Manabe Fusae, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mfupi, mwenye kofia ya kitambaa iliyofunika mpaka shingo. Boksi la ubani lilikuwa kwenye ukoo wa Manabe kwa vizazi vinne. Mumewe alipopooza upande mmoja, miaka tisa nyuma, Fusae alilishika yeye, na mume alipofariki likabaki kwake. Hakuwahi kutokea mwanamke aliyelishika kabla yake. Siku alipokabidhiwa, Mihara Isao, mwenyekiti wa umoja wa maji na mwenye jaruba namba moja kando kabisa ya mlango wa bwawa, alisimama mbele ya watu wote akasema kwamba mkono wa mwanamke huenda unakovutwa na moyo wake. Watu wakacheka. Fusae naye alicheka, kwa adabu.

"Umerudi, mwanangu," alimwambia Takemi kibandani. "Umesahau nini?"

"Nimesahau kupima vizuri, mama. Naomba nikae hapa zamu nzima."

"Kaa. Plamu za chumvi hizo, chai ya shayiri ile. Ila kwenye ngoma usiniegemee."

Kibanda kilikuwa kimezibwa pande tatu, na ndani hewa haikutikisika. Katikati palikuwa na chungu cha majivu. Ukutani, ubao mweusi kwa moshi: KIJITI KIMOJA, PINGILI MOJA. Maana yake kila kijiti kizamishwe majivuni kwa urefu wa pingili moja ya kidole, ili kinachobaki nje kiwe sawa kwa wote.

Kijiti cha kwanza, cha Mihara, kiliisha kwa dakika ishirini na tano. Takemi akaandika. Cha pili ishirini na tisa. Cha tatu ishirini na tisa. Cha nne ishirini na nane. Alianza kufurahi, maana kwa dakika hizo sitini ilikuwa inapatikana. Kilipofika cha kumi na mbili ngoma ikalia, naye akadhani ameharibu saa.

"Mama, hiki kimewahi kuisha."

"Kimeisha, si umesikia ngoma?"

"Dakika kumi na saba."

"Saa zenu hizo."

"Namba kumi na mbili ni jaruba la nani?"

Fusae akayachokonoa majivu kwa kijiti cha chuma. "La mpumbavu mmoja hivi."

Takemi akafungua daftari la skimu. Namba kumi na mbili: Manabe. Akachungulia nje. Jaruba lile lilikuwa mahali pazuri, si mbali na bwawa, lakini kona yake ya mbali mpunga ulikuwa wa njano na mfupi. Alishawahi kuwasikia watu wakimtania mama huyu kwamba kugawa maji anajua, kulima ndiyo hajui.

Kuanzia hapo hakuitazama saa peke yake, aliutazama na mkono. Siku ya pili, walipofika kwenye majaruba ya mwisho kule bondeni, aliona waziwazi. Fusae alikuwa akikichomeka kijiti juujuu tu, kiasi cha kusimama. Namba thelathini na nane, dakika thelathini na nne. Namba arobaini na moja, thelathini na tano. Wala hakujificha. Alifanya kama mtu anayetia chumvi kwenye chungu chake mwenyewe.

Cha mwisho kilipoisha, Takemi alijumlisha palepale juu ya goti lake. Sitini na tatu. Kati ya hamsini na tisa na sitini na saba, kama ulitaka ukweli wote, lakini katikati ni sitini na tatu. Maji yangefunguliwa. Lakini hakushangilia, maana fomu ya kamati ilitaka dakika za kila jaruba, mstari kwa mstari, na kabla ya kupigwa mihuri orodha lazima isomwe mbele ya wanachama wote.

"Mama, unajua nimeandika nini humu?"

"Nina macho."

"Kwa nini umefanya hivi?"

"Wewe si ndiye mtaalamu wa maji? Wale wa mwisho, maji yanatembea kwenye mfereji mkavu dakika tano, sita, hayajaona jaruba. Nikiwapa pingili moja kama ubao unavyosema, wanapata matope. Mihara je? Ngoma haijatulia, maji yameshaingia kwake. Dakika zake nne hazimuui."

"Na zako kumi na mbili?"

Fusae alimwaga makapi ya chai nje, akarudi.

"Mwaka wa kwanza, nilipochukua kijiti cha jaruba langu, kibanda kilikuwa kimejaa watu. Wote walikuwa wanatazama vidole vyangu. Nikakizamisha zaidi kidogo, waone. Mwaka uliofuata zaidi kidogo. Halafu mkono ukazoea, basi. Sasa hata nikitaka kuweka pingili moja naona kama naiba."

Takemi akarudi kwenye namba, ndiko alikojua kusimama.

"Sikiliza, mama. Wastani wa vijiti vyote ni kama dakika ishirini na nane. Nikiandika ishirini na nane kwenye mistari yote arobaini na moja, jumla ni ileile. Sitini na tatu ileile. Maji yanakuja, na hakuna atakayeuliza kitu."

"Utaandika uongo?"

"Jumla itakuwa ya kweli."

"We Bi. Huenda, leo ndiyo unataka namba moja?"

Takemi akashtuka. Hakujua kwamba jina lile lilishafika Tanokuchi.

"Ukiandika ishirini na nane zote," Fusae akasema, "mimi nitakufa, au nitachoka. Mihara atakuja na saa yake ya dhahabu, atafungua karatasi yako ya serikali, atasema kila mtu ishirini na nane. Na wale wa bondeni watapewa ishirini na nane za matope, tena zenye muhuri. Andika kama ilivyo."

"Watakunyang'anya boksi."

"Hilo nalijua. Naogopa, usidhani siogopi. Boksi hili nimelipokea kutoka mkononi mwa mume wangu alipokuwa hawezi hata kushika kijiko. Lakini wewe andika."

Kesho yake wanachama walikaa mikekani ukumbini, kila mtu na muhuri wake kwenye kijaluba, bilauri za chai ya shayiri mbele yao. Takemi alisimama, akatangaza sitini na tatu, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mzee mmoja wa bondeni alijifuta macho kwa taulo bila kujali nani anamwona. Kisha Takemi akasema kwamba sasa atasoma orodha, na makofi yakaisha.

"Namba moja, dakika ishirini na tano. Namba mbili, ishirini na tisa. Namba tatu, ishirini na tisa."

"Ngoja, ngoja, ngoja!" Mihara aliinuka nusu. "Mimi ishirini na tano, na huyu jirani yangu ishirini na tisa? Mwenyekiti mzima?"

"Ndiyo maana umekonda," mtu akasema nyuma, na watu wakaangua kicheko, kwani Mihara alikuwa na kitambi cha kutosha watu wawili.

"Msicheke! Miaka tisa hiyo! Dakika nne kila zamu, miaka tisa! Nilisema mimi, sikusema? Nilisema mkono huu utakwenda unakotaka! Sasa tusomewe walionufaika!"

Fusae alikuwa amepiga magoti karibu na mlango, mikono mapajani, macho kwenye mkeka. Takemi aliendelea kusoma kwa sauti moja, mstari kwa mstari, na jasho likimtiririka mgongoni.

"Namba kumi na moja, ishirini na nane. Namba kumi na mbili, dakika kumi na saba."

"Kumi na saba?" Mihara akadakia. "Nani huyo wa kumi na saba? Kamkosea nini huyu mama?"

Namba kumi na mbili kila mtu aliijua, walipita kando yake kila siku wakiutania mpunga wake wa njano. Vichwa viligeuka kimoja kimoja kuelekea mlangoni, kisha vikageuka tena haraka. Mihara naye alihesabu vidoleni kuanzia jaruba lake, akafika, akasimamisha kidole hewani. Akachukua bilauri yake akanywa, na bilauri ilikuwa tupu.

"Endelea," akasema.

Takemi akasoma mpaka arobaini na moja.

Ningependa kuwaambia kwamba walimbeba juu juu. Hawakufanya hivyo. Tanokuchi ni watu wa kanuni. Ubao unasema pingili moja, na mgawa maji aliyezidisha au aliyepunguza, hata kwa kujipunja, ameuvunja. Walijadiliana kwa saa nzima na ushee. Yule mzee wa bondeni akasema dakika zile zibaki kama zilivyosomwa, maana sasa zimeshapimwa na zinajulikana, isipokuwa namba kumi na mbili ipewe ishirini na tisa kama majirani zake. Hilo likapita kwa mihuri yote, wa Mihara ukiwemo. Boksi akapewa Mihara, na saa badala ya ubani. Hilo nalo likapita, kwa mihuri yote, na wa Fusae ukiwemo.

Alimkabidhi boksi kwa mikono miwili, akainama.

"Majivu yachekeche kila asubuhi," akamwambia. "Yakishikamana kijiti kinazimika njiani."

"Nitatumia saa, mama."

"Hata hivyo. Saa nazo husimama."

Tarehe ishirini na mbili maji yalikuja, ya rangi ya chai, yakisukuma mbele yake majani makavu na kandambili moja. Takemi alikuwa juu ya tuta tangu asubuhi na daftari lake, kwa sababu kamati ilitaka ipimwe tena. Mihara alikuwa kibandani, saa yake ya dhahabu mkononi, amekunja uso kama anayefanya mtihani. Ilipofika zamu ya namba kumi na mbili, Takemi akashuka akasimama karibu na Fusae.

Fusae aliinua ubao wa mlango, maji yakaingia. Akachuchumaa, mkono mmoja juu ya ubao, tayari kuurudisha. Hakuwa na saa, lakini ilipotimu dakika ya kumi na saba hasa, mkono ukaanza kushuka.

"Bado, mama," Takemi akasema.

"Bado?"

"Bado."

Ukakaa. Baada ya muda ukashuka tena.

"Na sasa?"

"Bado. Yaache."

Basi akauondoa mkono kabisa, akaukalia. Maji yaliipita ile sehemu ya kijani, yakaingia katikati ya ule mpunga mfupi wa njano, yakaenda polepole mpaka kwenye kona ya mbali, ambako udongo ulikuwa umepasuka mipasuko ya kuingiza kiganja. Mipasuko ikaanza kutoa mapovu. Fusae alisimama aone vizuri. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

"Kumbe huwa yanafika mpaka kule," akasema.

Ngoma ikalia. Fusae akafunga mlango, akaugonga kwa ngumi ukakaza, na wa namba kumi na tatu akafungua wake. Takemi akatazama saa. Thelathini na moja, si ishirini na tisa. Akageuka kukitazama kibanda. Mihara alikuwa amekaa ameipa ngoma mgongo, saa ameshaitia mfukoni, anatazama upande mwingine kabisa.

Takemi akafungua daftari. Kwenye mstari wa kumi na mbili akaandika thelathini na moja, kama ilivyo.